Komanda Aliyetua kwa Miguu

Nikimkumbuka Komanda, naanza na miguu yake, kwa sababu ndiyo iliyonikera kwanza. Hakuweza kukaa akaituliza. Ukiketi naye kwenye metro ya kutoka Anderlecht, mguu wa kushoto unakandamiza sakafu taratibu, unaachia, kisha wa kulia nao unakandamiza, unaachia. Nilidhani ni ugonjwa. Kazi yangu ni kutunza wazee, nawaosha na kuwavalisha majumbani kwao huko Ixelles, kwa hiyo miguu isiyotulia naijua. Siku moja nikamwambia akamwone daktari. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Maman Zuhura, hii haiko maladi," akasema. "Niko naendesha."

"Unaendesha nini, Komanda? Metro ina dereva wake."

"Njo namusaidia."

Kila mtu alimwita Komanda, na nusu yao walimwita hivyo kwa kumcheka. Kwao Bukavu alikuwa rubani. Kwa miaka mingi alirusha ndege ndogo kwenda sehemu za msituni ambako gari halifiki, akipeleka chumvi, dawa na walimu, akirudi na wagonjwa. Mambo yalipoharibika kule akaondoka na vitu viwili, suti moja na daftari nene la safari zake za angani, amelifunga ndani ya kipande cha kitenge. Ofisini Brussels walilifungua, wakalipinduapindua, wakamwambia mihuri yake hawaitambui. Saa zote zile za kuruka juu ya msitu, hapa hazikuwa kitu. Akitaka kurusha ndege Ubelgiji aanze upya, akae kiti cha mwanafunzi kama mtu ambaye hajawahi kugusa usukani.

Alikuwa anakaribia miaka hamsini. Mwingine angelikunja lile daftari akaliweka chini ya godoro. Yeye alitafuta kazi kwenye ghala moja hapo Anderlecht, ya kuendesha kigari cha kunyanyulia mizigo, akaanza kutafuta shule ya ndege.

Kile kigari nacho kilikuwa na hadithi yake. Kila asubuhi kabla ya kukiwasha alikizunguka, akagusa magurudumu yote manne, akapiga magoti kuangalia kama kuna mafuta yaliyovuja, akanyoosha mkono kupapasa minyororo. Wenzake walimaliza kahawa yao wakimtazama na kucheka. Bosi akamuuliza anatafuta nini, maana kigari ni kizima. "Bado hatujui, Monsieur," akajibu, akaendelea kupapasa. Wiki ya tatu akakuta mnyororo umekatika nusu. Bosi akaamuru kila dereva azunguke kigari chake kila asubuhi, na kwa mwezi mzima hakuna aliyemsalimia Komanda kwenye ghala lile.

Tulikuwa jengo moja, mimi ghorofa ya tano, yeye ya tisa. Na huyu mtu aliyepita juu ya misitu na dhoruba, lifti alikuwa haipandi. Alipanda ngazi mpaka juu na mifuko yake ya viazi, anapumzika mlangoni kwangu, anapumua kama mvukuto wa mhunzi, kisha anaendelea. Nilipomuuliza akasema hapandi kitu ambacho hamuoni anayekiendesha. Nikamwambia lifti haiendeshwi na mtu. Akasema hilo ndilo tatizo lenyewe.

Mimi ni Mwislamu wa Bujumbura, yeye Mkatoliki wa Bukavu anayeimba kwaya kwa sauti mbaya sana. Mwezi wa Ramadhani aliniletea tende. Hakugonga mlango mapema hata siku moja. Alisimama nje, saa mkononi, na mwanangu Zuhura akichungulia kwenye tundu la mlango alimkuta amesimama wima anahesabu. Nikifungua kabla ya wakati ananiambia, "Bado minuti deux," na anabaki palepale mlangoni na sahani yake mpaka dakika zile mbili ziishe. Nilimpenda kwa hilo, nasema wazi.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Dada yake wa Bukavu alipopiga simu, Komanda alimwambia kwamba Ulaya mambo ni mazuri, kwamba anaruka kila wiki, kwamba mashirika yanamgombania. Nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia. Alipoweka simu chini nikamtazama tu, na mimi mdomo wangu unajulikana, lakini siku hiyo niliufunga. Akajitetea mwenyewe bila kuulizwa.

"Kwa dada inaruhusiwa," akasema. "Pale hakuna muntu atakufa. Kwa mambo ya ndege, bongo hapana. Hata kidogo."

Bongo, kwa Kiswahili cha kwao, ni uongo. Wakati huo niliona ni maneno ya kujikosha.

Shule tatu zilimkataa. Moja ilisema umri, nyingine ikasema nafasi hakuna, ya tatu haikusema kitu. Ya nne ilikuwa klabu ndogo nje ya mji, unafika kwa treni kisha basi kisha mguu, na kiwanja chake ni majani matupu katikati ya mashamba. Mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja wa Kibelgiji mwenye nywele fupi nyeupe, rubani tangu ujana wake, wote wakimwita Madame. Yeye alilifungua lile daftari, akalisoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akamwambia, "Sheria ni sheria, utaanza upya. Lakini utaanzia hapa." Komanda alijua, na mimi nilijua, kwamba akifukuzwa pale hakuna mlango wa tano.

Wakampa mwalimu wa miaka ishirini na sita. Kijana mwembamba, mpole, mwenye masharubu yaliyokataa kuota. Komanda alimwita "Monsieur l'instructeur" kila mara, akamwamkia wa kwanza, na hakumkatiza akisema hata pale alipomfundisha kitu ambacho yeye alikuwa amekifanya mara elfu. Nilimuuliza kama haimuumi. Akasema inauma. Akasema pia kwamba yule kijana ana karatasi, yeye hana, na mtu asiye na karatasi anavaa heshima.

Sasa, kule Flagey, kwenye soko la Jumapili na mikahawa yake kando ya bwawa, ndiko Wakongomani wetu walikokutana kunywa na kusemana. Kiongozi wa masengenyo alikuwa Tonton Faustin, fundi cherehani wa Uvira, mtu mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya pili ya bwawa. Faustin hakuamini kama Komanda anaruka.

"Komanda wa ndege gani?" aliuliza mbele za watu. "Bon, anaenda kule, sikatai. Anaenda kupiga balai. Batu ba kule wanamupa balai, yeye anasema iko usukani."

Balai ni ufagio. Watu wakacheka. Komanda akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akaweka kikombe, akasema, "Maman Zuhura atakuja na mimi samedi. Atakaa nyuma. Atarudi awaambie." Hakuna aliyepinga, kwa sababu wote walijua sina kawaida ya kumpaka mtu mafuta. Mimi ndiye sikuulizwa. Nilitaka kukataa, lakini nilimwona mguu wake chini ya meza, umetulia tuli kwa mara ya kwanza, nikajua ameumia.

Jumamosi ile baridi iliuma mpaka kwenye meno. Tulifika kiwanjani mapema mno, kama alivyofika popote, na mtu pekee tuliyemkuta ni fundi, ambaye alitufungulia jiko la klabu akarudi kulala kwenye gari lake. Ndege yetu, ya viti vinne, ilikuwa imelala nje kwa sababu banda lilijaa. Mabawa yake yalikuwa meupe kwa jalidi, ule umande ulioganda, umejipanga juu ya bati kama chumvi ya mawe. Komanda alipitisha kidole. Uso wake ukafurahi. Kitabu cha shule kilisema ndege yenye jalidi hairuki, lazima jalidi yote iondolewe kwanza, na kwa kuosha ndege yeye hakuona kama anahitaji mwalimu. Kule kwao, ule mlima wa moto wa upande wa Goma ulimwaga majivu, majivu yakachanganyika na umande yakawa uji juu ya mabawa, na kila alfajiri yeye na mafundi wake walichemsha maji kwenye mapipa wakaosha ndege mpaka ing'ae. Hakuwahi kuruka na bawa chafu.

"Maman Zuhura, tafuta mayi ya moto," akaniambia. "Mingi."

Nikachemsha birika mbili na sufuria ya supu. Nikabeba mwenyewe, nikaenda na kurudi mara nne au tano kwenye majani yaliyokuwa yakikatika chini ya viatu vyangu. Yeye alimwaga taratibu, kuanzia shina la bawa mpaka ncha, na jalidi ikakimbia, bati likatoka rangi. Akafuta kwa taulo. Akarudi nyuma hatua tatu akaitazama kazi yake, mvuke unapanda, na kusema kweli ilipendeza. Nilijisikia fahari na mimi.

Mwalimu kijana alikuja amechelewa, gari lake liligoma kuwaka. Aliona mabawa yana maji, akadhani fundi ameyapulizia ile dawa yao ya kuyeyusha barafu, akashukuru, akaingia. Chini pale waligeuza usukani kushoto, kulia, kila kitu kinatembea vizuri. Komanda kiti cha kushoto, mwalimu kiti cha kulia, mimi nyuma na mkoba wangu kifuani.

Tukapaa. Nisidanganye, niliogopa dakika tatu, kisha nikasahau kuogopa. Mashamba meupe, mistari ya miti, moshi wa nyumba umesimama wima. Na yule mtu mbele yangu, ambaye duniani alikuwa hana raha, mabega yake yalishuka. Miguu ilikuwa imepata kazi yake. Nilijua nitamwambia nini Faustin, nilikuwa tayari nayapanga maneno.

Ndipo mwalimu akamwambia ageuze kulia, na Komanda hakugeuza. Ndege ilikuwa imeinama kidogo kushoto ikabaki hivyo hivyo, inazunguka polepole upande ule mmoja. Nikaona mikono ya Komanda kwenye usukani imekaza. Akasema kwa utulivu kwamba umekwama. Mwalimu akashika wa kwake, akavuta kwa mikono miwili, shingo ikawa nyekundu, mshipa ukasimama. Usukani haukutoka. Ndege ikazidi kulala, na dirisha langu la kushoto likajaa ardhi.

Mimi nilianza kusoma shahada. Mwalimu akavuta tena, akauachia, akabaki ametazama mbele na mikono hewani. Simlaumu. Miaka ishirini na sita ni michache.

"Monsieur l'instructeur," Komanda akasema kwa Kifaransa chake kizuri, "naomba uniachie miguu."

Yule kijana akaondoa miguu yake kwenye pedali. Komanda akakandamiza mguu wa kulia, taratibu, akaushikilia. Usukani wa mkia ni wa miguu, huo ulikuwa mzima. Pua ya ndege ikahangaika, ikakataa, kisha ikaja, na dirisha langu likaanza kupata mbingu tena. Kushoto kidogo. Kulia. Kushoto. Ni mchezo ule ule wa kwenye metro niliomwambia ni ugonjwa. Baadaye alinieleza kwamba juu ya msitu wa Shabunda waya wa usukani ulimkatikia siku moja akaruka nusu saa hivyo hivyo, na tangu hapo miguu haikukubali kulala.

Kurudi kiwanjani hakukuwezekana, kugeuka kwingi kungetulaza tena. Akaona shamba refu mbele, la viazi-sukari vilivyokwisha kuvunwa, lina theluji nyembamba. Akapunguza moto wa injini kidogo kidogo. Alikuwa akihesabu futi kwa sauti, cinq cents, quatre cents, mia tano, mia nne, na mimi nikajikuta nahesabu naye badala ya kuomba. Tulipita juu ya uzio, nikaona kunguru wakiruka. Magurudumu yakagusa, yakadunda, yakagusa tena, tukateleza mbali sana kwenye ile ardhi iliyoganda, na nilipoanza kusema alhamdulillahi gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji. Ndege ikapiga pua chini. Tukabaki tunaning'inia kwenye mikanda, injini imenyamaza, theluji iko mbele ya kioo.

Tulitoka wote watatu kwa miguu yetu. Mwalimu alikuwa amepasuka juu ya jicho, mimi kifundo cha mkono kimeteguka. Pangaboi la mbele lilikuwa limekunjwa. Mwalimu akakimbia kuelekea nyumba ya mkulima kutafuta simu, na nilimgeukia Komanda nimshukuru, nimkumbatie hata, dini itanisamehe. Hakuwa upande wangu. Alikuwa amekwenda kwenye bawa.

Nyuma ya bawa, kwenye ukingo, kuna kibawa kidogo kinachopanda na kushuka kuilaza ndege upande huu au ule. Alikuwa ameingiza ukucha kwenye bawaba zake. Akautoa na kipande cha barafu, safi, kinang'aa. Akakiweka kiganjani akanionyesha.

"Mayi yangu," akasema.

Nilielewa palepale. Yale maji hayakuondoka yote. Yaliteremka kwenye nafasi ya bawaba yakakaa, na tulipopanda kwenye baridi ya juu yakaganda, yakafunga kibawa kama kufuli. Komanda akakaa kwenye theluji na suruali yake nzuri. Sijawahi kumwona mtu mzima amekunjika vile. Na mimi nikafanya nilichofanya. Jua lilikuwa limeanza kutoka. Nikamwambia, "Komanda, hii itayeyuka kabla hawajafika. Hakuna aliyeona. Nyamaza tu, baba, nakuomba. Wakijua, ndio basi tena."

Barafu ile ikaisha mkononi mwake.

Na kweli ikayeyuka yote. Mafundi waliipekua ile ndege wiki nzima wasikute kitu, kila kitu kinatembea. Jumamosi iliyofuata halmashauri ya klabu ikakaa kwenye chumba chenye mabenchi, Madame katikati. Walianza na mimi, kwa sababu sikuwa wa klabu. Madame akaniuliza kwa upole kama niliona kitu chochote kisicho cha kawaida asubuhi ile, kabla ya kuruka.

Nikasema hapana.

Nilisema kwa uso mkavu, mimi ambaye nilipelekwa pale kwa kuwa sijui kuficha. Nilijiambia namwokoa. Madame akaandika. Akasema, basi, itaandikwa sababu haikujulikana, na kila mwanafunzi aendelee na masomo yake. Ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kuvaa makoti.

Komanda akasimama. Alikuwa amevaa ile suti moja. Akasema, "Madame, sababu inajulikana. Nilimwaga maji ya moto juu ya mabawa. Yaliganda kwenye bawaba. Niliyatoa kwa ukucha huu. Kosa ni langu peke yangu, na huyu mama hakuelewa nilichokuwa nafanya." Akaeleza yote, majivu, mapipa, Goma, bila kuharakisha, na bila kutaja hata kwa neno moja nani aliyechemsha. Alipomaliza akabaki amesimama. Mimi niliangalia sakafu. Nilikuwa na hakika nimemwona Komanda akizika ndege yake kwa mikono yake mwenyewe, na nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nilimkasirikia kuliko nilivyomhurumia.

Ndipo yule kijana naye akasimama, plasta juu ya jicho. Akasema aliona mabawa yana maji na hakuuliza ni maji gani, na kuuliza ni kazi ya mwalimu. Kisha akameza mate. Akasema, "Na kuna jambo jingine sikuliandika kwenye ripoti. Kule juu mimi niliachia. Niliganda. Aliyeishusha ndege ni yeye, kwa miguu tu. Mimi nisingeweza. Leo pangekuwa na mazishi matatu."

Madame akaichana ile karatasi aliyoandika sababu haikujulikana. Akasema ndege hununuliwa nyingine, lakini mtu wa kusema jambo kama hili wakati hakuna anayemlazimisha, yeye Madame hajui anauzwa wapi. Komanda hataruka mpaka majira ya baridi yaishe, na saa zake zitaanza kuhesabiwa tena kuanzia sifuri. Yule kijana naye atapumzika wakati huohuo. "Baada ya hapo," akasema, "nawataka wote wawili hapa, mapema."

"Nitakuwa hapa saa mbili kabla, Madame," Komanda akasema, na watu wote wakacheka, yeye peke yake hakuelewa kwa nini.

Alirudi mwezi wa nne. Akapata karatasi yake majira ya kiangazi yaliyofuata, na baada ya miaka miwili akapata nyingine, ya kufundisha. Habari zilifika Flagey kabla yake. Faustin mwenyewe alimshonea koti la rubani, akalipima mara tatu, akakataa kucheka hata watu walipomchokoza.

Mimi sikuwapo. Tangu siku ya mabenchi nilikuwa namkwepa. Ilikuwa rahisi, maana yeye alipita ngazi na mimi nikapita lifti. Tende za Ramadhani aliziacha mlangoni, na nilisubiri hatua zake zipande mbali ndipo nifungue. Niliona aibu, na aibu yangu nikaigeuza kuwa shughuli, kila mara nina mzee wa kuosha mahali fulani. Kisha akahama, akaenda kukaa karibu na kiwanja, na nikajiambia mambo yameisha yenyewe.

Tulikutana karibu na mwisho wa miaka ya tisini, Gare du Nord, mimi nakimbilia treni. Akanisimamia mbele.

"Maman Zuhura. Utanikimbia mpaka lini? Njoo samedi. Kuna kintu unapaswa kuona."

Nikaenda. Ilikuwa baridi tena, anga safi. Nilimkuta angani, anamfundisha mwanamke mmoja wa Kibelgiji, nikangoja ndani ya klabu nikiota moto. Juu ya kaunta ya kahawa palikuwa na daftari kubwa jeusi, kalamu imefungwa kwa uzi. Wakati nikingoja, kijana mmoja aliingia, masikio mekundu, akalifungua, akaandika mistari miwili, akalisukuma kwa wenzake. Alikuwa ametua vibaya akapinda gurudumu, na hakuna mtu aliyemwona. Wakasoma. Mmoja akammiminia kahawa, mwingine akavuta kiti amweleze ilivyomtokea yeye. Madame, mzee zaidi sasa, akaniambia hiyo ndiyo desturi ya nyumba yao. Anayekosea anaandika mwenyewe, kabla ya kuvua koti. Daftari la kwanza lilijaa zamani, hili ni la pili, lakini ukurasa wa mwanzo waliuhamisha.

Nikafungua ukurasa wa mwanzo. Mwandiko wa Komanda, mkubwa, umenyooka. Maji ya moto. Bawaba. Nani alimwaga, nani aligeuza, nani alitua. Nikausoma mara mbili nikitafuta jina langu. Halikuwapo. Miaka yote ile, watu wote wale walikuwa wamesoma kosa lake, na la kwangu alikuwa ameliweka mfukoni.

Machozi yalinitoka mbele ya Wazungu wale. Nikashika kalamu. Chini yake palikuwa na nafasi, nikaandika kwa Kiswahili, maana Kifaransa changu siku hiyo kilikimbia: Maji niliyachemsha mimi. Nilimwambia anyamaze. Nilipoulizwa na Madame nilisema hapana, nikidhani namwokoa. Nikatia jina langu, la kwangu kamili, si la mama wa mtu.

Komanda aliingia akipuliza vidole. Akaniona, akaona kalamu, akaja akasoma akiwa amesimama. Alisoma polepole. Kisha akawageukia wote waliokuwa pale, akawasomea kwa Kifaransa, neno kwa neno, na hakupunguza kitu. Madame alishusha kikombe. Yule kijana wa gurudumu akainuka akanivutia kiti, na mtu nisiyemjua akaniwekea kahawa mbele yangu.

"Kahawa atakunywa akirudi," Komanda akasema. Akanifungulia mlango. Ndege ilikuwa nje juani, mabawa yake makavu, na kiti cha mbele kilikuwa wazi.

"Leo haukai nyuma," akaniambia.

Nikapanda.